Makanisa ya Mombasa, fungueni milango saa sita mchana

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na Wakristo wenzangu wa Mombasa, hasa wachungaji, mapadre, makatekista na wazee wa kanisa. Kuna swali ambalo halikosi kila mwaka katika madarasa ya ubatizo na kipaimara. Huulizwa kwa sauti ya chini, wengine wakishatoka: "Mbona simsikii Mungu tena kama zamani?"

Mara nyingi jibu huwa ni mwaliko wa kesha. Njoo Ijumaa, uwepo utashuka. Muulizaji huenda, huimba, hulia, hurudi nyumbani alfajiri moyo umepoa. Ikifika Jumatano ukavu uko pale pale. Huenda kesha ya pili na ya tatu, kisha huhamia kanisa lenye vyombo vikubwa zaidi. Mwishowe huamua moja kati ya mawili: Mungu amenitupa, au hajawahi kuwapo. Bidii mtu huyu alikuwa nayo tele. Alichokosa ni mafunzo. Ana njaa ya kila siku, nasi tunampa karamu mara moja kwa wiki, na siku sita zilizobaki jiko tumelitia kufuli. Kufuli ninalolisema ni kufuli la chuma, na nitalirudia mwisho wa barua hii.

Tuanze na neno lenyewe. Tumezoea kusema "uwepo wa Mungu", na usemi huo umetufanya tufikirie kitu kinachoshuka na kupanda, mfano wa moshi wa ubani au joto la ukumbi. Biblia ya Union ya 1952, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, ina neno lililo karibu zaidi na mwili: uso. Musa anasema katika Kutoka 33:15, "Uso wako usipokwenda pamoja nami, usituchukue kutoka hapa." Zaburi ya 51 inaomba, "Usinitenge na uso wako." Kiebrania chake ni panim, yaani uso huu huu wenye macho na kinywa. Anayetafuta uso anamtafuta mwenye uso. Anataka kuzungumza naye, kumsikiliza, na hata kukaa naye kimya kama watu waliozoeana wanavyokaa barazani jioni bila kusemezana. Hayo hayahitaji spika.

Shule ya kiu hii ni Zaburi ya 42. Ayala anayetajwa mwanzoni ni mnyama afananaye na swala, na kitenzi cha Kiebrania kinachoeleza anavyotweta kinapatikana pia katika Yoeli 1:20, pale wanyama wa mwituni wanapomlilia Mungu kwa kuwa vijito vimekauka. Anayeijua nyika ya Taru wakati wa kiangazi, ukishaipita Mariakani kuelekea Voi, hahitaji kufafanuliwa. Sasa tazama mwenye kuimba ni nani. Zaburi ni ya wana wa Kora, watumishi wa hekalu. Aya ya 4 inasema alizoea kuandamana na mkutano akiuongoza kwenda nyumbani mwa Mungu. Aya ya 6 inamkuta mbali, nchi ya Yordani na Mahermoni, na watu wanamwuliza mchana kutwa, Yuko wapi Mungu wako? Kwa maneno mengine, aliyekauka hapa ni kiongozi wa ibada. Maneno "Nafsi yangu, kwa nini kuinama" yanakuja mara tatu: 42:5, 42:11 na tena 43:5, na ndiyo sababu wafasiri wengi huzisoma Zaburi ya 42 na ya 43 kama wimbo mmoja. Mara ya tatu maneno ni yale yale. Hakuna aya inayosema "sasa namsikia". Anaishia na tumaini mkononi na kiu bado kooni, na Waisraeli waliuweka wimbo huo katika kitabu chao cha ibada bila kumtaka kwanza aseme amepona. Ningependa kila mwalimu wa darasa la ubatizo aanzie hapo, kabla hajafundisha neno lingine lolote juu ya maombi.

Wazee wetu katika imani waliilisha kiu hii kwa saa. Danieli 6:10 inasema alipiga magoti mara tatu kila siku. Matendo 3:1 inawakuta Petro na Yohana wakipanda hekaluni saa ya kusali, saa tisa. Matendo 10:9 inamkuta Petro juu ya dari saa sita. Na hapa sisi Waswahili tumepata neema ambayo wengine hawana: saa ya Biblia ndiyo saa yetu. Msomaji wa Kizungu lazima apige hesabu ajue saa tisa ya Petro ni saa ngapi kwake. Sisi tukisoma saa tatu, saa sita na saa tisa, ni hizo hizo za jua lililo juu ya Makupa leo. Wakatoliki wanasali Malaika wa Bwana saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, na watawa wao wana masifu ya asubuhi na ya jioni. Kengele ya Frere Town, makao ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, mwaka 1875, ndiyo iliyolipa eneo la Kengeleni jina lake. Jirani zetu Waislamu huamshwa na adhana ya alfajiri, nasi huisikia pia. Mkristo wa mji huu hana udhuru wa kusema hajui saa ya kusali.

Sasa nieleze namna ya kufanya, maana waulizaji huambiwa "omba zaidi" bila kuonyeshwa vipi.

Anza na dakika 20 kwa siku, usizidishe. Aliyekuwa haombi kabisa aanze na 10 kwa wiki mbili. Anayeanza na saa nzima huacha kabla ya wiki kwisha, kisha hubaki na aibu inayomfanya akwepe hata zile dakika 10. Chagua saa moja na uiache hapo hapo. Kwa wengi Mombasa alfajiri ndiyo bora: joto halijapanda, watoto wamelala, matatu hazijaanza honi, na Marko 1:35 inatuambia Bwana mwenyewe aliondoka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipokuwa na watu. Saa 11 hadi saa 11 na dakika 20 yatosha. Anayetoka zamu ya usiku bandarini asijilazimishe alfajiri ya wengine. Aoge, asali, kisha alale. Mama anayekaanga mahamri ya kuuza, ambaye saa 10 yuko tayari mbele ya karai, atapata nafasi yake saa 4 wateja wakipungua, na mikono yake inapokanda unga usiku inaweza kusali pamoja naye. Ndugu Lawrence, mtawa wa Karmeli aliyekufa Paris mwaka 1691, alifanya kazi ya jikoni kwa miaka mingi, na alishuhudia kwamba katikati ya kelele za vyombo alikuwa na Mungu sawasawa na alivyokuwa akipiga magoti kanisani. Lakini naye alikuwa na saa za sala za nyumba yake ya kitawa. Anayesema "mimi nasali nikifanya kazi" bila kuwa na saa hata moja ya kusimamisha kazi, baada ya muda hugundua kazi imebaki na sala imetoweka.

Mahali ndipo panapowashinda wengi. Yesu anasema ingia katika chumba chako cha ndani, na mtu anajibu moyoni: chumba kimoja, watu sita, pazia katikati. Neno la Kigiriki katika Mathayo 6:6 ni tameion, ghala la nyumbani. Ni neno hilo hilo lililo katika Luka 12:24, kunguru hawana ghala. Bwana hakuwa akisema na wenye majumba ya ghorofa. Alikuwa akisema na watu ambao nyumbani kwao pahali palipokuwa na mlango wa kufunga huenda ni pale penye magunia. Inasimuliwa kwamba Susanna Wesley, aliyezaa watoto 19, wakiwemo John na Charles, alijifunika aproni yake kichwani wakati wa kusali, na watoto walijua wasimguse. Leso moja yatosha kuwa chumba cha ndani. Kaa juu ya kiti au kigoda, mgongo umenyooka, uso kwa ukuta. Kitandani utasinzia. Simu iwe kona ya mbali, na Biblia iwe ya karatasi, kwa sababu ukifungua ile ya simu utakuta jumbe nane zinakusubiri, na mbili kati yake ni za deni.

Zile dakika 20 zigawe hivi. Dakika 3 za kwanza nyamaza, vuta pumzi taratibu, na useme mara moja unayeketi mbele zake ni nani. Dakika 4 ni za zaburi, kwa sauti ya kusikika na masikio yako, na katikati ya kila aya usimame kwa pumzi moja. Usomaji wa kimya hukimbia. Sauti huushika mkono. Dakika 5 ni za Injili, aya 8 hadi 12 basi, wala si sura nzima, zisomwe mara mbili au tatu mpaka neno moja likung'ang'anie. Dakika 4 zungumza na Bwana juu ya neno hilo, ukitaja jambo moja la shukrani, kosa moja kwa jina lake, na mtu mmoja. Dakika 4 za mwisho usiseme kitu. Mtawa Guigo, wa karne ya 12, alizipanga hatua hizi kama vipandio vinne vya ngazi: kusoma, kutafakari, kuomba na kutulia mbele za Mungu. Wengi wetu tunaujua kipandio cha tatu peke yake, tena tunakipanda kwa kelele.

Katika zile dakika 4 za mwisho ndipo mawazo yatakapokuja kama nzi kwenye embe. Kodi ya nyumba, unga, ada, simu ya mjomba. Kuyapigania hakusaidii, maana kuyapigania nako ni kuyafikiria. Weka karatasi na kalamu karibu, andika "kodi", kisha rudi kwenye lile neno lako moja. Ukirudi mara 15 katika dakika 4 usihesabu umeshindwa mara 15. Umemrudia Mungu mara 15. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Kwa upande wa zaburi, Waanglikana wana mpango wa tangu 1549 ambao Mkristo yeyote anaweza kuutumia. Zaburi zote 150 zimegawanywa mafungu 60, asubuhi na jioni kwa siku 30, na tarehe 31 hurudiwa fungu la tarehe 30. Zaburi ya 42 na ya 43 huangukia jioni ya tarehe 8, ya 63 asubuhi ya tarehe 12, ya 84 jioni ya tarehe 16. Uzuri wa mpango huu ni kwamba huchagui zaburi kwa kufuata moyo ulivyoamka. Asubuhi ya tarehe 17 utakutana na ya 88, ambayo neno lake la mwisho ni la giza, hata kama wewe umeamka na furaha. Basi siku hiyo unaisali kwa niaba ya aliye wodini. Anayeona mafungu hayo ni marefu asome zaburi moja tu katika kila fungu.

Kisha beba aya moja utoke nayo. Foleni ya feri ya Likoni, kiti cha matatu, mlolongo wa benki, hizo zote ni saa zilizolala bure. Wakristo wa Mashariki, yaani Waorthodoksi, wana sala fupi ya karne nyingi, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie", na mtu anaweza kuisema kwa pumzi: nusu akivuta, nusu akitoa. Feri haijafika ng'ambo umeshaisema mara nyingi, na hakuna jirani uliyemsumbua.

Nimesema namna ya kufanya. Nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya watu, kwa sababu atakayefuata yote haya kwa miezi mitatu bado anaweza kukauka. Ukavu una vyanzo tofauti na dawa tofauti, na kosa letu kubwa ni kuutibu wote kwa dawa moja.

Kuna ukavu wa mwili. Eliya katika 1 Wafalme 19 anaomba afe chini ya mretemu. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana, mlimani, baada ya siku 40. Mtu anayepata usingizi wa saa nne tu kila usiku, anayesafiri kutoka Mtwapa hadi Changamwe na kurudi, kisha akaongezewa kesha, hahitaji maombezi zaidi. Anahitaji kulala. Mchungaji anayempenda amwambie hivyo bila haya.

Kuna ukavu wa neno lililofichwa. Isaya 59:2 inasema maovu yenu yamewafarikisha ninyi na Mungu wenu. Mathayo 5:23-24 inakutaka uache sadaka mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu. Petro anawaonya waume kwamba wasipokaa na wake zao kwa akili na heshima, maombi yao yatazuiliwa. Iko katika waraka wake wa kwanza, 3:7. Mishahara ya watu wa kazi iliyocheleweshwa kwa makusudi, shamba la yatima, ujumbe wa simu uliofutwa ili mke asiuone: hizi huziba koo la sala. Dawa yake ni kurudisha, kuungama na kupatana, na hakuna wimbo wa kuabudu unaoweza kushika nafasi ya kurudisha shilingi 8,000 za mtu. Ndugu wa ule uamsho wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1930 waliliita jambo hili kutembea katika nuru, na walikuwa sahihi kulisisitiza.

Kuna ukavu wa ugonjwa. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi mtu hana raha na kitu chochote, si sala tu bali hata chakula, watoto na mpira aliokuwa akiupenda, usingizi umekatika au umezidi, na mawazo ya kufa yanamjia, hiyo huenda ni sonona, na sonona hutibiwa hospitalini. Kumwambia ana pepo la ukavu ni kumwongezea mzigo wa pili. Mtu akizungumzia kujiua, asiachwe peke yake hata kwa saa moja. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Na kuna ukavu ambao ni kazi ya Mungu mwenyewe. Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania aliyefungwa na watawa wenzake huko Toledo kati ya 1577 na 1578, aliutolea alama tatu. Mtu haoni ladha katika mambo ya Mungu, wala haioni katika mambo mengine. Anasumbuka, akiogopa kwamba hamtumikii Mungu ipasavyo. Asiyejali hana wasiwasi huo. Na hawezi tena kutafakari kwa picha na mawazo kama zamani, ila anavutwa kukaa kimya. Alama hizo zikiwapo zote pamoja, asibadilishe kitu. Saa ibaki ile ile, apunguze maneno, aketi. Mama Teresa wa Kolkata alikaa katika giza la namna hii kwa takriban miaka 50, kama barua zake zilizochapishwa 2007 zilivyoonyesha, na kila asubuhi alikuwa kwenye misa yake. Ignasio wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, naye aliacha kanuni inayofaa kubandikwa ukutani: wakati wa ukavu usigeuze uamuzi ulioufanya wakati wa mwanga. Usiache kanisa, usivunje uchumba, usijiuzulu kwaya, mpaka kukuche.

Wavuvi wetu wanalielewa hili upesi kuliko wasomi. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Katikati yake huja maji mafu, bahari ikasogea kidogo tu. Siku za maji mafu mvuvi hasemi bahari imehama. Anashona nyavu, anakalafati chombo. Mwanafunzi aliyeelezwa ukavu kwa mfano huu huacha kuhesabu machozi yake ya ibada.

Niseme juu ya kufunga, na hapa naomba wasomaji wawe makini. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, si mbali nasi. Ni watu walioaminishwa kwamba wakifa njaa watamwona Yesu. Walikuwa na kiu ile ile ya Zaburi ya 42, na kiu hiyo ikashikwa na mikono mibaya. Tangu siku hiyo hakuna mwalimu wa pwani hii aliye na ruhusa ya kutangaza mfungo kwa ulegevu. Kufunga kwa Kikristo kuna mpaka. Katika joto letu maji hayaachwi. Anayeanza aruke mlo mmoja, na saa ile ya chakula aitumie kwa sala, na bei ya chakula ampe mwenye njaa, kwa sababu Isaya 58 haitambui mfungo usiomfikia maskini. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, anayetumia dawa za kifua kikuu au za ARV, na mtoto, wasifunge chakula. Wafunge simu au televisheni. Na yeyote anayekuambia ufunge usimwambie daktari wala ndugu zako, mkimbie.

Vivyo hivyo anayeuza uwepo kwa mbegu ya fedha. Petro alimjibu Simoni wa Samaria katika Matendo 8:20, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe", na jibu hilo bado linatosha.

Kuna mahali pengine pa kukutana na uso wa Mungu ambapo wenye kiu hupasahau. Mathayo 25 haikuficha: nilikuwa na njaa, nilikuwa mgonjwa, nilikuwa kifungoni. Gereza la Shimo la Tewa liko hapa hapa. Wodi za hospitali zina wagonjwa wasio na wa kuwaletea uji. Mtu akauke akiwa peke yake chumbani mwezi mzima, kisha aende mara moja kwa wiki kumlisha mgonjwa asiye ndugu yake, na arudi kwenye zile dakika 20 siku hiyo hiyo jioni. Zaburi aliyoiona kavu asubuhi ataisoma kwa sauti nyingine.

Sasa kufuli. Pita mjini siku ya Jumanne saa sita na nusu mchana. Makarani, wauza duka, walinzi, mawakala wa bandari wametoka kula. Wengi wana dakika 40 na hawana pa kwenda ila kivuli cha mwembe au ukumbi wa simu zao. Yako makanisa yaliyo wazi wakati huo, na nawashukuru wanaoyahudumia. Lakini mengi, ya madhehebu yote, yamefungwa kuanzia Jumapili jioni, madawati yamepangwa vizuri gizani. Naelewa sababu: vyombo vimeibwa mahali pengi, na kamati zinaogopa. Basi mambo machache yatendeke. Vipaza sauti na kinanda vifungiwe ndani ya sakristia. Ufunguliwe mlango mmoja wa ubavuni, si yote. Taa zisizohitajika zizimwe, feni mbili zitoshe. Mtungi wa maji. Zaburi ya siku iandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi na iwekwe mbele. Kusiwe na mahubiri, sadaka wala muziki, na kamati isishawishike kuvianzisha watu wakianza kuwa wengi. Mzee mmoja au mama mmoja mwenye masikio, aliyefundishwa kutunza siri, aketi nyuma kwa yeyote anayetaka kusikilizwa.

Na Jumapili, mchungaji akimaliza mahubiri, atangaze dakika 3 za kimya. Azitangaze kabisa, na ampe habari mpiga kinanda mapema, la sivyo kufika sekunde ya 20 mtu atadhani kipaza sauti kimeharibika na wimbo utaanza. Wiki ya kwanza watu watakohoa. Wiki ya pili watoto watalia na mama zao wataona haya. Waambiwe wasione haya. Kufika wiki ya sita mkutano utakuwa umejifunza kukaa.

Wana wa Kora, wenye Zaburi ya 42 na ya 84, walikuwa na kazi hekaluni, nayo imeandikwa katika 1 Mambo ya Nyakati 9:19: walinzi wa malango. Aliyeimba "ningependa kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu wangu" alikuwa akiitaja zamu ya ukoo wake. Kila kanisa mjini linahitaji bawabu mmoja, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 6:30 hadi saa 8. Wazee wa kanisa, mkutano wenu ujao mwekeni katika ajenda, na mkubaliane nani atashika ufunguo.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwalimu wa darasa la ubatizo na kipaimara,
Kisauni, Mombasa